Kabla hujanunua printa: mwongozo kwa anayefungua stesheneri ya huduma za mtandaoni

Vijana wanaomaliza cheti na stashahada za TEHAMA hunifuata dukani kwangu, Mazimbu hapa Morogoro, na swali lao huwa karibu lilelile: dada, hizi ajira za kidijitali tunazozisikia ziko wapi? Wengi wana picha ya mtu anayetengeneza programu za simu, au anayefanya kazi za kampuni za ng'ambo akiwa chumbani kwake. Kazi hizo zipo, na anayeziweza azifuate. Lakini ipo nyingine iliyo kwenye kila stendi, kila lango la chuo na kila makao makuu ya wilaya, na watu hawaihesabu kuwa ajira ya kidijitali hata kidogo. Ni stesheneri, duka la kopi na kuprinti ambalo pia huwajazia watu fomu za mtandaoni. Naandika kwa anayetaka kuifungua na kuifanya kwa heshima inayostahili.

Uelewe kwanza kazi yenyewe ilitoka wapi. Walikuwepo wapiga taipu waliokaa karibu na mahakama na ofisi za wilaya, wakiwaandikia watu barua na viapo. Kompyuta ikawaondoa. Zikaja intaneti kafe za miaka ya 2000, mtu analipia nusu saa asome barua pepe yake. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM, unaoleta intaneti, ukatua Dar es Salaam, mwaka uliofuata ukaja EASSy, bando likashuka bei, simu janja zikaenea, kafe zikafungwa moja baada ya nyingine. Wengi walidhani habari imeishia hapo. Kumbe serikali nayo ilikuwa inahamia mtandaoni. Mwaka 2010 TCU, tume ya vyuo vikuu, ilianza kupokea maombi ya vyuo vikuu kwa mfumo mmoja wa mtandaoni, na mwaka 2017 waombaji wakarudishwa kuomba moja kwa moja kwenye vyuo, kila chuo na mfumo wake. Mwaka huohuo malipo ya taasisi za umma yakaanza kuhamia kwenye kontro namba, ile namba anayopewa mlipaji kwa kila malipo. Mwaka 2018 ikaja pasipoti ya kielektroniki. Mwaka 2019 Bunge likapitisha Sheria ya Serikali Mtandao. Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zikaanza kuzimwa, na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ikawa ufunguo wa karibu kila kitu.

Foleni zilizokuwa kwenye korido za ofisi zikahamia kwenye kaunta zetu. Mteja wako ana simu, pengine nzuri kuliko yako. Anachokosa ni skana, muda, na mtu wa kumsomea kwa utulivu maelekezo ya kurasa nyingi yaliyoandikwa kwa lugha ya ofisini. Wenzetu wa Kenya wanaiita saiba, na wao ilipanuka tangu eCitizen, mfumo wa huduma za serikali yao mtandaoni, ilipoanzishwa mwaka 2014. Kazi ni ileile.

Vifaa, kwa kifupi

Kompyuta moja yenye diski ya SSD na RAM ya 8GB itakufaa kuliko mbili zinazosuasua. Printa ya wino wa tangi kwa rangi na picha, mashine ya kopi hata iliyokwisha kutumika, skana ya kioo, mashine ya laminesheni, UPS ya kushikilia umeme ukikatika, na laini za mitandao miwili tofauti. Usiskani cheti kwa kamera ya simu kama skana ipo. Kivuli cha mkono na kona zilizopinda humfanya mhakiki akitilie shaka cheti halali.

Kuna kifaa kimoja ambacho wengi hawanunui, na mimi ningekinunua kabla ya mashine ya kopi: skrini ya pili inayomtazama mteja. Hata ya zamani inatosha. Unapojaza fomu, mteja anaona kila herufi inayoingia. Jina likikosewa anakwambia palepale. Na anajua hujaingia mahali ambapo hakukutuma.

Leseni ya biashara, TIN (namba ya mlipakodi) na makadirio ya kodi vishughulikie kabla ya kufungua mlango. Huwezi kuwaombea watu TIN wakati wewe mwenyewe huna.

Akaunti ni ya mteja

Hapa naomba unisome taratibu, kwa sababu hapa ndipo stesheneri nyingi zinapoharibu maisha ya watu bila hata kukusudia.

Kijana anakuja kuomba kazi kwenye Ajira Portal, mfumo wa maombi ya kazi serikalini. Hana barua pepe. Mhudumu ana haraka, foleni ni ndefu, basi anamfungulia barua pepe kwa namba ya simu ya duka, paswedi anayoitumia kwa kila mteja, na mambo yanakwisha upesi. Kijana anaondoka na karatasi. Miezi inapita, anaitwa kwenye usaili, ujumbe unaingia kwenye barua pepe asiyoweza kuifungua. Akirudi, mhudumu ameshaacha kazi au laini ya duka imebadilishwa. Nafasi imekwenda. Nimewapokea wateja wa namna hiyo kutoka maduka mengine, na kurejesha akaunti kama hiyo mara nyingi hushindikana kabisa.

Kwa hiyo kaa na utaratibu huu hata foleni iwe imefika barabarani. Barua pepe hufunguliwa kwa namba ya simu ya mteja mwenyewe, na simu hiyo iwe mkononi mwake wakati huo, kwa sababu namba za uthibitisho zinaingia kwake. Paswedi anaichagua yeye na kuiandika yeye. Msogezee kibodi, wewe geuka pembeni. Mwenye vidole vizito msubiri. Akimaliza, aiandike kwenye daftari lake, si lako. Kisha mwambie atoke, aingie tena mwenyewe akiwa bado dukani. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayothibitisha kwamba ameondoka na akaunti kweli. Ukiniuliza nikutajie jambo moja tu la kushika katika mwongozo huu wote, ni hilo.

Asiye na simu, kwa mfano bibi aliyetumwa na mjukuu, aje na mtu wake wa karibu anayemwamini, na namba ya huyo ndiyo itumike. Namba ya duka isitumike kamwe.

Fungua mifumo kwenye dirisha la faragha la kivinjari, ili ukilifunga hakuna kilichobaki. Kivinjari kikikuuliza kama kihifadhi paswedi, kataa. Nyaraka za WhatsApp zipokee kwa namba ya kazi peke yake, na jioni kabla ya kufunga duka futa mazungumzo, futa mafaili yaliyopakuliwa, kisha safisha na pipa la taka la kompyuta. Nakala zilizoharibika zichane. Nimewahi kununua maandazi yaliyofungwa kwenye kopi ya kitambulisho cha mtu, jina, picha na namba zote zinaonekana. Karatasi ile ilitoka kwenye kaunta ya mtu mwenye kazi kama yetu.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, ina Tume yake, na inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu ajisajili. Usidhani inazungumzia benki na kampuni za simu tu. Duka lako linapitisha vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA na matokeo ya mitihani ya mtaa mzima.

Na utakuja kuombwa kughushi. Atakuja mtu mstaarabu, pengine unamfahamu, atakwambia ni herufi moja tu ya daraja, au mwaka mmoja tu wa kuzaliwa. Kataa siku ya kwanza, kwa sauti ya kawaida, bila kumfokea. Mwezi Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa Dodoma orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Nikilikumbuka tangazo lile nafikiria kwamba nyuma ya kila cheti cha namna hiyo palikuwa na mtu aliyekaa mbele ya mashine, akalipwa pesa kidogo, akaona amemsaidia mwenzake.

Soma tangazo kabla ya kugusa kibodi

Wateja wengi watakwambia wanataka "kuapplai". Usianze. Mwombe tangazo lenyewe, na kama analo kwenye picha iliyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, nenda kalitafute kwenye tovuti ya taasisi. Anwani ya taasisi ya serikali ya Tanzania kwa kawaida huishia na .go.tz, ikiishia vingine, simama. Tangazo linalodai pesa ili mtu apewe kazi, mwambie mteja wazi kwamba ni utapeli, hata kama utakosa hela ya kuprinti.

Sasa lisome lote, pamoja na masharti ya jumla ambayo watu huyaruka. Chukua matangazo ya Sekretarieti ya Ajira. Yameandika kwa miaka mingi kwamba hati za matokeo za muda na "statement of results" hazitakubaliwa, kwamba mwombaji asizidi miaka 45 isipokuwa aliyeko kazini serikalini, kwamba barua ya maombi iwe imesainiwa na iambatanishwe pamoja na vyeti, kwamba wasifu uwe na wadhamini watatu. Hata hivyo kila dirisha la maombi linapofunguliwa wanakuja watu na hati ya matokeo iliyoprintiwa, barua isiyo na saini, na mdhamini mmoja. Mtu wa namna hiyo ukimpeleka hivyohivyo utakuwa umemtoza hela bure. Mrudishe nyumbani achukue cheti. Atanung'unika, na kesho atarudi nacho.

Kisha majina. Hapa tenga muda. Weka mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha NECTA (baraza la mitihani) na namba ya NIDA, usome jina moja baada ya jingine kwa sauti. Hadija na Khadija. Magreth na Margareth. Mohamed, Mohamedi, Muhammad. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cha kidato cha nne kina matatu, NIDA wameweka la babu. Kwa mwenye jina ni yeye yuleyule; kwa mfumo ni watu watatu. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo unaweza kuilinganisha na cheti cha kuzaliwa kwa kuitazama tu. Ukikuta tofauti, mweleze mteja mapema kwamba atahitaji kiapo au hati ya kisheria ya jina, au marekebisho kwenye taasisi husika. Tofauti ikionekana siku ya usaili Dodoma, nauli imeshaliwa.

Kazi hii ina msimu kama kilimo. Januari kwa kawaida yanatoka matokeo ya kidato cha nne, na baadaye wazazi wanakuja kubadili tahasusi za watoto, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano, kwenye mfumo wa Selform. Katikati ya mwaka linafunguliwa dirisha la mikopo la HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu), matokeo ya kidato cha sita yanatoka, halafu maombi ya vyuo. Maombi ya mkopo ndiyo mazito: cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwanza, na fomu ipite kwa serikali ya mtaa na kwa mwanasheria kabla ya kupakiwa. Ninachofanya ni kuwatangazia watu wahakiki vyeti kabla dirisha halijafunguliwa. Nabandika karatasi mlangoni, nawaambia na walimu wa sekondari za jirani. Anayekuja wiki ya mwisho anakuta mtandao umejaa, mwanasheria ana foleni, mwenyekiti wa mtaa amesafiri. Tarehe na ada zitoe kwenye mwongozo wa mwaka husika, usitumie za mwaka jana ulizozikariri.

Mtandao wenyewe usiuamini hivyo. Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu baharini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizokaa na intaneti ya kusuasua au kutokuwa nayo kabisa. Laini mbili hazisaidii siku kama hiyo. Kinachosaidia ni kuandaa kila kitu nje ya mtandao: skani, punguza ukubwa wa mafaili, yape majina yanayosomeka, andika barua, pata saini. Ikirudi, unapakia tu.

Hela

Tenganisha ada ya serikali na ujira wako. Ziandike mistari miwili kwenye kikaratasi: hii ni ya taasisi, hii ni yangu. Ukisema "elfu hamsini jumla" mteja ataamini umemla, na baadhi ya wenzetu kweli wanakula.

Ada ya taasisi ailipe mteja kwa simu yake. Mpe kontro namba yenye tarakimu 12, aingize, na kabla ya kuweka namba ya siri asome jina la taasisi na kiasi vinavyotokea kwenye simu. Vikilingana na ulichomwambia, alipe. Ujumbe wa malipo unabaki kwake. Hivyo hakuna siku utakayosimama mbele ya mjumbe kuelezea hela ya mtu ilikwenda wapi.

Ujira wako upange kwa kazi, si kwa ukurasa. Kopi ni shilingi 100 na haina mjadala. Lakini maombi ya mkopo ya saa nzima, yenye kusoma, kulinganisha majina na kumfundisha mtu kutumia barua pepe yake, ni kazi ya kitaalamu. Itoze hivyo na uibandike bei ukutani, ili mwanafunzi wa SUA (chuo kikuu cha kilimo cha hapa Morogoro) na mama wa sokoni walipe sawa.

ChatGPT na wasifu usio na mwenyewe

Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022, barua za maombi zinakuja zimeshaandikwa. Kiingereza kimenyooka, kila mtu ni mchapakazi mwenye maono. Wengine wananiambia stesheneri imekwisha sasa. Mimi naona kinyume, na nina sababu.

Kijana mmoja aliyesomea kilimo alileta wasifu wa kurasa tatu uliosema ana uzoefu wa kusimamia miradi. Nikamuuliza mradi gani. Kimya. Nikamuuliza likizo alikuwa wapi. Akasema kwa mjomba wake Kilombero, msimu mzima wa mpunga, yeye ndiye aliyekuwa akiandika magunia yanayoingia na kutoka, na alipogundua hesabu ya mashine ya kukoboa haikubaliani na ya ghala, akaifuatilia mpaka ikapatana. Hayo hayakuwemo kwenye karatasi. Tuliyaandika, ukurasa mmoja na nusu, na kila sentensi angeweza kuitetea mbele ya jopo.

Tumia programu hiyo kurekebisha sarufi na kupanga kurasa, inaokoa muda mwingi. Lakini kabla yake kaa na mteja umuulize: ulifanya nini kwa mikono yako, nani alikuamini na hela au funguo, kipi kiliharibika ukakitengeneza. Hayo hayapo mtandaoni popote. Usimpe programu namba zake za NIDA wala vyeti vyake.

Ukishasimama

Duka likishakuwa na wateja wa kudumu, usiridhike na kopi. Jifunze mfumo wa BRELA wa kusajili majina ya biashara na kampuni. Jifunze NeST, mfumo wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika mwaka 2023. Sheria inatenga asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Vikundi vya akina mama wanaoshona sare za shule au kupika chakula cha semina vina haki ya kuomba kazi hizo, na vingi havijajisajili kwa sababu hakuna aliyekaa navyo mezani. Ile mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, nayo inataka katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao, andiko la biashara. Anayejua kuandaa hivyo anaitwa mpaka kata za mbali. Hapo ndipo mtu wa stesheneri anapogeuka mshauri, na kipato kinabadilika.

Na mteja akitaka kujifunza kufanya mwenyewe, mfundishe. Wanaoanza huogopa hili, wanadhani wanafukuza riziki. Mwalimu mmoja mstaafu wa jirani alikuwa anakuja kila mara kuangalia taarifa zake za pensheni. Wastaafu wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, siku hizi wanaweza kujihakiki kwa simu, nikamwambia, shikamoo mwalimu, leo utafanya wewe. Ilichukua muda, miwani ikapanda na kushuka, akaweza. Kuangalia pensheni haji tena. Anachokuja nacho ni wenzake: mmoja na hati ya shamba ya kuskaniwa, mwingine na mjukuu wa kuombewa chuo, na juzi kikundi chao cha wastaafu wafuga kuku, wanaotaka kusajili jina BRELA. Leteni katiba na majina ya viongozi, nimewaambia, Jumatatu asubuhi kabla foleni haijaanza.